Sukari, birika, kasri: siku 4 na mamangu kule Trujillo

Mamangu ana sukari, mwaka wa 14 huu. Naanza na hilo kabla ya majumba na makanisa kwa sababu karibu yote niliyojifunza kule Trujillo yalianzia hapo, na kama una mzazi mgonjwa na unafikiria kumtembeza mbali basi haya yatakufaa.

Mimi nafanya kazi Hamburg, Ujerumani. Mama yuko Mombasa, Mji wa Kale, nyumba ile ile aliyozaliwa, ukitoka mlangoni hatua chache tu ushaiona Ngome, ile Fort Jesus. Mwaka jana alikuja kunitembelea, viza ya miezi 3, akavumilia baridi ya Machi yote, Aprili ikaingia bado mvua, siku moja akaniambia mwanangu, nipeleke mahali pana jua angalau siku chache, mifupa yangu yalia. Nikafikiria Hispania. Lakini sikutaka kumpeleka Barcelona kusukumana na watu wala ufukweni kukaa tu, mama si mtu wa kukaa tu, anapenda miji ya kale, anapenda kugusa ukuta na kuuliza huu ulijengwa na nani. Ndo nikatafuta usiku mzima nikaangukia Trujillo, mji mdogo wa mashambani mkoa wa Extremadura, magharibi kule upande wa Ureno, kama kilomita 250 kutoka Madrid. Watu wake hawafiki 10,000. Mji umekaa juu ya kilima cha mawe, ngome juu, uwanja mkubwa chini, na ukiutumia kama kituo waweza kwenda Guadalupe, kilomita kama 80, na Cáceres, kama 47. Nikaona hapa ndo penyewe.

Kosa la kwanza nililifanya siku hiyo hiyo ya kubuki. Nilichagua nyumba ndani ya kuta za zamani, juu kabisa, manake picha zilikuwa nzuri mno, dirisha lenyewe laangalia mnara. Sikufikiria magoti ya mama. Basi linawashusha chini ya mji, kutoka hapo ni kupanda, kupanda tena, na njia zote ni mawe ya mviringo yaliyopangwa, begi la magurudumu halivutiki, nikawa nabeba mabegi mawili na mama ameshika mkono wangu, tunapumzika kila kona. Trujillo haina treni, usijidanganye. Kama unakwenda na mzee lala usawa wa uwanja, Plaza Mayor, kule juu panda ukiwa umelala vizuri na umekula, mikono mitupu.

Kosa la pili ndo lililonitia hofu. Tulifika kama saa kumi jioni, yeye amechoka, tukajilaza kidogo, tulipoamka akajidunga insulini yake akijua tunashuka kula. Mimi nami nikijua hivo hivo. Tukashuka hadi uwanjani, mikahawa imejaa, watu wamekaa vitini, wanakunywa, wanacheka. Nikaagiza chakula. Jikoni kumefungwa. Nikaenda wa pili, kumefungwa. Wa tatu. Kule chakula cha mchana ni kati ya saa saba na nusu hadi saa kumi hivi, halafu jiko linazimwa hadi saa mbili na nusu usiku, saa tatu, hata uwe na pesa ngapi. Nilikuwa nimesoma habari ya usingizi wao wa mchana lakini nilidhani ni mambo ya zamani au ya maduka tu, sikujua jiko la mji mzima linalala. Nikageuka nikamwona mama jasho linamtoka na jioni ile haikuwa na joto, mikono inatetemeka, ameanza kunijibu maneno yasiyoeleweka. Nikampima pale pale kitini, mashine ikasoma 3.1, insulini imeishusha sukari mno na tumboni hamna chakula.

Na mkoba wa vitu vyake, glukosi na biskuti, nilikuwa nimeuacha chumbani juu ya kilima.

Nilikimbia kwenye kiduka cha vyakula pembeni ya uwanja, ndo kwanza mama mmoja anafungua pazia la chuma. Kispania changu ni cha salamu tu. Kidomo kikakauka, Kijerumani hakitoki, Kiingereza hakitoki, nikawa namwonyesha mama kule kitini nasema sukari, sukari, ana sukari. Kiswahili kabisa. Na yule mama akaniangalia sekunde moja akasema, «¿Azúcar? ¿Tiene azúcar?» akachukua chupa ya juisi ya machungwa akatoka nayo mbio kuliko mimi, akampa mama mkononi, akapiga magoti akamshikia chupa. Dakika 15 hivi mama akarudi, akaniuliza mbona nalia. Yule mama wa duka akaleta mkate, jibini, na ndizi mbili, akakataa pesa ya juisi, ya mkate akapokea.

Baadaye ndo nikaja kufahamu kwamba kule nako mtu mwenye kisukari husemwa hivo hivo, ana sukari, tiene azúcar, na neno lenyewe ni moja, la Kiarabu, as-sukkar, wao likawaingia kwa njia yao na sisi likatuingia kwa bahari. Mama alipoelezwa hilo usiku ule, tumekaa na mwenye nyumba wetu, mwalimu mstaafu, mwanamke wa makamo anayejua Kiingereza kidogo, mama alinyamaza kidogo kisha akasema, «Basi hawa si wageni sana. Muulize wana maneno gani tena.»

Tokea hapo safari ikawa ya mama. Mimi nilikuwa nimeandika orodha, saa fulani tuone hiki, saa fulani kile. Orodha ikabaki mfukoni. Kila asubuhi yule mwalimu alitupa neno mbili tatu na mama anakwenda kuzitafuta mjini kama mtu anayetafuta watoto wa ndugu zake. Zaituni wao waita aceituna. Zafarani, azafrán. Fulani ni fulano, na wanaitumia vile vile tunavyoitumia sisi, fulani bin fulani. Maskini kwao imekuwa mezquino lakini imegeuka maana, ni mtu mchoyo, na hilo lilimuuma mama kweli, akasema maskini wa watu amekosa nini. Robo ni arroba, ilikuwa kipimo cha uzito, robo ya kipimo kikubwa, leo wanaiita hivo ile alama ya katikati ya anwani ya imeili. Alcalde, mkuu wa mji, huyo ni kadhi, al-qadi. Na ile hasta ya kuagana, «hasta mañana», ni hatta, hata yetu ya watu wa zamani, tangu asubuhi hata jioni. Mama alikuwa akimwambia kila mtu «hasta» kwa sauti ya kujiamini ajabu, na walimjibu.

Waislamu walikaa Trujillo karne kama 5, mpaka miaka ya 1230 mji ulipochukuliwa na Wakristo. Ngome ya juu ni wao walioianza, karne ya 9 na ya 10, ukuta mnene na minara ya mraba, mlango wa tao lililojibinya chini kama kwato ya farasi. Siku ya pili tulipanda polepole sana, asubuhi, mama amekula, mkoba wa sukari begani mwangu (sikuuacha tena hata kwenda msalani). Kutoka juu waona nchi mpaka macho yachoke, mawe makubwa ya matale yametapakaa kama yaliyomwagwa, halafu mialoni, mialoni, mialoni, imepandwa mbalimbali na chini yake majani ya Aprili na kondoo. Wanaiita dehesa. Kila mti una kivuli chake na kila kivuli kina mnyama. Na juu ya minara ya makanisa wamejaa korongo, viota vikubwa kama kitanda, hawaimbi, wanagonga midomo tu, ta-ta-ta-ta-ta, sauti inasikika mji mzima. Mama alikaa nusu saa anawaangalia. Mimi nilitaka tuendelee, akaniambia kaa kitako, wewe waharakia nini.

Ndani ya ua wa ngome kuna mahodhi mawili chini ya ardhi ya kuwekea maji ya mvua. Wanaita aljibe, ni al-jubb, kisima. Na ukishuka kwenye mitaa ya ndani ya kuta kuna bwawa limechongwa kwenye mwamba wenyewe, wengine wanasema ni la Warumi, wengine la Waarabu, maji yake ya kijani, na jina lake ni Alberca. Mama akaniambia nilisome tena pale kibaoni. Al-ber-ca. Al-birka. «Birika!» akasema. Kwetu birika ni la chai lakini watu wa Mji wa Kale wajua pia birika la msikitini, lile la kutawadhia, lenye ngazi na maji. Mama amekulia karibu na misikiti yenye mabirika hayo, babake alikuwa akijaza maji. Aliegemea vyuma vya pale, hakusema kitu muda, kisha akauliza kama walioyachimba walizikwa wapi. Sikuwa na jibu na kibao hakikusema.

Sasa huko chini uwanjani habari ni nyingine. Uwanja wa Trujillo ni mzuri, sitasema uongo, ni mojawapo ya viwanja vizuri nilivyowahi kuviona, nguzo na matao pande zote, ngazi za mawe za kukalia, na jioni jiwe lote linakuwa rangi ya asali. Katikati kuna sanamu ya farasi na mpanda farasi mwenye kofia ya chuma yenye manyoya na upanga mkononi. Huyo ni Francisco Pizarro, mzaliwa wa hapo, aliyeivamia Peru na kuiangusha dola ya Inka. Sanamu ilichongwa na Mmarekani, Charles Rumsey, ikasimamishwa hapo 1929. Ndugu yake, sanamu kama hiyo hiyo, ilipelekwa Lima, ikakaa katikati ya jiji miaka mingi, watu wakalalamika, 2003 ikaondolewa, na Januari 2025 ikarudishwa karibu na pale pale. Kwa hiyo kule Peru bado wanagombana nayo mpaka leo. Hapa Trujillo watoto wanacheza mpira miguuni pake.

Kilichotukalisha mimi na mama si sanamu, ni nyumba ya pembeni. Palacio de la Conquista, jumba la ushindi. Angalia baraza la kona ghorofani, juu yake kuna nembo kubwa ya ukoo, na kandokando ya dirisha kuna vichwa vya mawe vya watu wanne. Francisco Pizarro, nduguye Hernando, na wanawake wawili. Mwanamke wa kwanza ni Inés, jina lake la kwao Quispe Sisa, binti wa mfalme wa Inka Huayna Cápac, alipewa Pizarro akiwa msichana. Wa pili ni Francisca, binti yao, aliyezaliwa Peru 1534. Babake akauawa Lima 1541. Mtoto akiwa na miaka 16 akatolewa kwao akaletwa Hispania, na 1552 akaolewa na ammi yake, Hernando huyo huyo, mtu mzima mwenye umri wa kumzaa, tena Hernando mwenyewe alikuwa kifungoni kwenye ngome ya La Mota, Medina del Campo, na bibi harusi akaenda kuishi naye humo humo kifungoni miaka mpaka alipoachiliwa 1561. Halafu ndo wakarudi Trujillo wakajenga jumba hili, kwa mali ya Peru.

Nilimsomea mama haya yote kwenye simu, natafsiri polepole. Akayasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, «Na mamake? Huyo Inés alikuwa wapi mtoto wake alipochukuliwa?» Nikamwambia alibaki Peru, alishaozwa mwanamume mwingine wa Kihispania. Mama akainua macho akamwangalia yule wa juu, uso wa jiwe umeliwa na mvua. «Haya,» akasema, «angalau wamemchonga.» Halafu, baada ya muda, «Lakini wamemchonga pembeni ya waliomchukua.»

Mimi hapo nilijifunza jambo, mwongozo wa watalii niliokuwa nao uliandika mistari mingi juu ya madirisha na mabomba ya moshi ya jumba hilo, juu ya wanawake wale wawili uliandika majina tu. Ukisimama mbele ya nyumba nzuri ya zamani uliza pesa zilitoka wapi, na uliza wanawake waliomo walifikaje. Kwetu pia tuulize, Mombasa, Unguja, Lamu, milango ile ya nakshi tunayoipiga picha nayo ina habari zake za pembe na za watu waliouzwa na wengi wetu tunapita tu.

Chakula sasa, manake najua Waislamu mtaniuliza. Extremadura ni nchi ya nguruwe. Wanamlisha matunda ya mwaloni kwenye ile dehesa na paja lake linaning'inizwa kila mkahawa, ukiingia waingia chini yake. Si hilo tu, maharage yana vipande vyake, migas, ule mkate uliovurugwa na kukaangwa na vitunguu saumu, una vipande vyake, na hata ukisema hutaki nyama wengine hawaihesabu ile kuwa nyama. Usiseme bila nyama, sema bila nguruwe, «sin cerdo», na urudie. Tulikula mayai na viazi, samaki, saladi, mikate, machungwa. Na jibini. Kuna moja ya huko huko, Torta del Casar, ya maziwa ya kondoo, wanaikata kifuniko juu na ndani ni laini unachovya mkate, na inagandishwa kwa ua la mmea wa miiba, si kwa tumbo la ndama, yule mwalimu ndo alitueleza baada ya mama kuuliza, kwa hiyo mama akala na moyo mweupe. Ina uchungu kidogo mwishoni. Mimi naipenda, mama alisema ni dawa.

Guadalupe tulikwenda siku ya tatu, kwa taksi, kwa sababu basi lilikuwa moja na saa zake zingetulaza huko. Ilinigharimu. Ningekodi gari tangu Madrid ningetumia pesa chache zaidi na mama angesimama kila anapotaka. Njia inapita Zorita, Logrosán, Cañamero, halafu milima ya Las Villuercas inaanza kujikunja na ghafla mbele yako kuna kijiji kidogo na juu ya kijiji jengo kubwa kama mji mwingine, minara na kuta, nusu kanisa nusu ngome. Hapo ndo monasteri ya Bibi Mariamu wa Guadalupe, UNESCO wameiweka kwenye urithi wa dunia tangu 1993. Jina lenyewe Guadalupe linaanza na wadi, mto, kama Guadiana, kama Guadalquivir, hilo mama alilishika kabla hatujashuka garini.

Wanasema mchunga ng'ombe mmoja aliikuta sanamu ya Bibi Mariamu imefukiwa pale karibu na mto, na mfalme Alfonso wa 11 akaipa nguvu sehemu hiyo baada ya ushindi wake wa 1340 kwenye vita vya Salado. Sanamu ni ndogo, ya mti wa mwerezi, na uso wake ni mweusi. Sisi hatusali kwa sanamu na mama alisimama nyuma kabisa na mtandio wake, lakini kulikuwa na mwanamke mzee analia mbele ya ile sanamu, kilio cha mtu mwenye mgonjwa nyumbani, na mama alimwombea dua kimoyomoyo, aliniambia baadaye. Hakuna aliyetuangalia vibaya. Hilo nalisema kwa sababu niliogopa, buibui la mama, kanisa, nilifikiri labda mlangoni patakuwa na maneno. Hapakuwa.

Ua wa ndani wa monasteri ndo ulionishika mimi. Wanaita wa Kimudejar, yaani kazi ya mafundi wa mtindo wa Waislamu waliobaki kuishi chini ya wafalme wa Kikristo, matao ya kwato ya farasi mekundu na meupe yanazunguka bustani, na katikati kibanda cha matofali na vigae vya kijani na vyeupe cha 1405, kimepanda ngazi ngazi kwa ncha. Wakimbilia kusema ni msikiti. Ni watawa wa Kikristo walijengewa hicho, wakakipenda, wakasali chini ya matao hayo. Kwenye chumba chao cha mavazi ya ibada kuna picha 8 za mchoraji Zurbarán za watawa hao, ukutani ambako zilichorewa kukaa, miaka ya 1638 hadi 1647, kila uso unafanana na mtu unayemjua. Na nje mbele ya kanisa kuna chemchemi, pale ndo mwaka 1496 walibatizwa watu wawili walioletwa na Columbus kutoka ng'ambo kama watumishi wake. Wakaitwa Cristóbal na Pedro. Majina waliyopewa na wazazi wao hayakuandikwa.

Halafu kuna hili ambalo lilimfanya mama akae chini. Mwishoni mwa 1576 wafalme wawili walikutana humo Guadalupe, Philip wa 2 wa Hispania na Sebastian wa Ureno, mjomba na mpwa. Kijana Sebastian alitaka msaada wa kwenda kupigana Moroko. Alikwenda, 1578 akafa huko vitani, hakuacha mtoto, na miaka miwili baadaye Philip akachukua taji la Ureno pia. Na ni Philip huyo, sasa mfalme wa Ureno vilevile, ambaye kwa amri yake ilianzwa kujengwa 1593 Ngome ya Mombasa, Fort Jesus. Sisi shule tulisomeshwa Wareno, Wareno, Wareno, na ni kweli walikuwa Wareno waliokuja, lakini mfalme waliyemtumikia aliketi Hispania na aliwahi kutembea kwenye vyumba tulivyokuwa tumesimama. Mama ameamka kila siku ya maisha yake akiuona ukuta huo. Alikaa kwenye benchi la mawe akauliza mara mbili, «Huyu huyu?» Nikasema ndiye. Akasema, «Kumbe ametoka mbali kuja kutusumbua.» Hakucheka aliposema. Kijijini kuna mafundi wa shaba, akanunua kibirika kidogo, akakibeba mapajani njia yote ya kurudi.

Cáceres ilikuwa siku ya mwisho na tulikuwa na saa 4 tu kabla ya basi la Madrid, kwa hiyo nitasema kidogo. Mji wa zamani wote umehifadhiwa, urithi wa dunia tangu 1986, minara na majumba ya mabwana yamebanana, na mnara mmoja mkubwa wauitao Bujaco ni jina la Abu Yaakub, khalifa wa Almohad, dola ya Waislamu iliyotawala kule zamani, limetafunwa vinywani miaka 800 mpaka likawa hivo. Lakini nendeni jumba la makumbusho, Casa de las Veletas, mshuke chini. Pale palikuwa na kasri, alcázar, al-qasr, na kasri lote limekwenda, hodhi la maji ndo limebaki. Matao 16 ya kwato ya farasi yamekaa juu ya nguzo 12, gizani, na chini yake maji, maji ya kweli, mvua ya paa na ya ua bado inaingia humo mpaka leo. Nguzo hazilingani, nyingine zilitolewa majengo ya Kirumi. Ni baridi, ni kimya, tone moja likidondoka walisikia.

Mama alisimama pale kuliko mahali popote. Nilimkumbusha basi. Nilimpima sukari pale pale ngazini, 7.4, nzuri. Mlinzi akaja, nikadhani anatufukuza, kumbe amemletea kiti.

Sasa yuko Mombasa. Kibirika cha shaba kimewekwa kwenye kidaka cha sebuleni, na kila mgeni anaelezwa habari ya Ngome na ya yule Philip. Juzi amenipigia, amesikia kutoka kwa yule mwalimu (wanaandikiana, mjukuu wetu mmoja anawatafsiria kwa simu) kwamba Mérida, saa moja tu kutoka Trujillo, kuna ngome ya Waislamu ya mwaka 835 kando ya mto Guadiana, na ndani yake ngazi zinashuka chini mpaka kwenye maji ya mto yaliyochujika, wazi, ukayagusa. Anataka Aprili. Nimemwambia inshallah, gari tunakodi Madrid, nyumba nimeshaitafuta ya chini, haina ngazi hata moja, na chakula cha mchana saa nane kamili.